Msafara wa Migongo

Hakumgusa mtu kabla ya kubisha hodi. Mgonjwa alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye mkeka, nguo imeshushwa mpaka kiunoni, mafuta ya nyonyo yamepashwa moto kwenye kopo, na yeye amepiga magoti pembeni, viganja vyake vimetulia juu ya mgongo bila kuugusa.

“Hodi,” alisema, kisha akangoja.

Wageni walicheka. Mwanamke mmoja aliyeletwa na dada yake kutoka upande wa Urambo alimwambia, “Mama, si nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu?”

“Miguu nimeiona. Mgongo bado haujanijibu.”

Mpaka mtu aseme karibu, na aseme kwa sauti anayoiamini, mikono ile haikushuka. Nilishawahi kumwona akimfunika mtu kanga yake taratibu na kumwambia arudi wiki ijayo, kwa kuwa karibu yake ilikuwa ya mdomoni tu. Nilipomuuliza alikojifunzia desturi hiyo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa alikojifunzia kunawa.

“Siku ya kuhamishwa waliingia ndani bila hodi,” alisema. “Wakatoa vitanda, wakatoa vyungu, wakatoa na watu. Hawa wote unaowaona wameshaingiwa bila hodi mara moja. Mimi niwe wa pili?”

Kijiji kizima kilimwita Mkandaji, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilikuwa jirani yake, mwalimu wa kike, kwa miaka yangu yote ya kufundisha shule ya msingi pale, nje kidogo ya Usoke, na kati ya nyumba yangu na yake kulikuwa na uzio wa mabua ambao mbuzi wake waliula wakaumaliza. Nilifika msimu mmoja baada ya watu kuletwa. Walikuwa wametolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika porini, wakapakiwa kwenye malori mvua zikiwa zimeshaanza, na mapaa ya nyasi waliyoyaacha yakatiwa moto ili wasiwe na pa kurudi. Kijiji kipya kilikuwa na mistari iliyonyooka kama matuta, na kila mlango ulikuwa na namba ya chokaa.

Niliviona vitu fulani mapema, kabla sijaelewa maana yake. Wazee wengi walilala wameketi, wameegemea ukuta. Wanawake hawakutundika vyungu; waliviweka karibu na mlango, vimefungwa kamba, kama watu wa safari. Na lori la kuchukua tumbaku liliponguruma kwenye kona ya kuingilia kijijini, michi ilisimama hewani uwanja mzima. Ilisimama tu. Lori likipita, walianza tena kutwanga, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mkandaji mwenyewe alikuwa na jambo moja alilolitaka, na hakulificha. Alitaka kujua mume wake amezikwa wapi.

Mume huyo alikuwa mgonjwa wa kifua. Siku ya kuhamishwa alipandishwa lori la kwanza pamoja na majirani wa upande wao, na Mkandaji akabaki kukusanya vyombo, akaja na la pili. Aliposhuka kijijini, mume hakuwepo. Akaambiwa kwamba alifia njiani na wamemzika kando ya barabara. Kando ipi? Hapo kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema karibu na daraja. Mwingine alisema kabla ya daraja. Baadaye wote waliishia kusema neno moja: “Mvua ilikuwa kubwa, mama. Hatukuona vizuri.”

Hakugombana na mtu. Alinunua nyonyo, akakamua mafuta, akatandika mkeka nje ya nyumba yake, akaanza kukanda.

Kukanda kwenyewe watu walikujua tangu zamani. Wazazi waliokandwa baada ya kujifungua walikuwepo, na wazee wa Kinyamwezi walikumbuka namna wapagazi wa misafara ya Ujiji walivyosuguana mabega kambini, jioni, mizigo ikishatuliwa. Yeye aliichukua kazi hiyo ya watu wawili akaifanya ya watu wengi. Alasiri, wanawake wakitoka shamba la kijiji, aliwaketisha chini wamefuatana, miguu imetanuliwa, kila mmoja nyuma ya mwenzake, mikono juu ya mgongo wa aliye mbele. Aliuita msafara.

“Haya, hodi!” alisema, na wote wakasema hodi kwa mgongo ulio mbele yao.

“Karibu!” ukajibu msafara, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mstari.

Ndipo mikono ilipoanza kutembea. Kwanza vidole gumba pembeni mwa uti wa mgongo. Kisha viganja vizima juu ya mabega. Kisha mkono mmoja chini ya shingo, umetulia pale bila kufanya lolote, na hapo watu walivuta pumzi na kuiachia kwa sauti, haaa, kama mtu anayetua gunia. Yule wa mwisho hakuwa na mikono nyuma yake. Kwa hiyo katikati ya kazi aliwaambia wageuke, wa mwisho akawa wa kwanza. Yeye alitembea kando ya mstari, akirekebisha kiwiko hapa, akigonga kidole pale.

“Wewe, unakanda unga wa maandazi? Huyo ni mtu!”

“Mayo, huyu mgongo wake mgumu, umejaa michembe!”

“Ndiyo umkande taratibu, viazi vikavu haviliwi kwa pupa.”

Walicheka sana kwenye msafara. Walilia pia, lakini kilio kilikuja kwa utaratibu wake, kwa kawaida baada ya kugeuka, na aliyelia hakuulizwa sababu. Hilo lilikuwa sharti. Aliyeuliza aliondolewa kwenye mstari siku hiyo akapewa kazi ya kuchochea moto. Wanaume walikuwa na msafara wao upande wa mabani ya kukaushia tumbaku, siku za Jumapili, na walijidai kwamba wao wanafanya kwa ajili ya maumivu ya jembe tu.

Kulikuwa na waliofika wasiweze kuketi kwenye mstari kabisa. Mikono ya mtu ikiwagusa kwa nyuma, waliruka. Hao aliwapa kinu na mchi, pasipo nafaka ndani, akawaambia watwange. Mzee mmoja alitwanga kinu kitupu alasiri tatu mfululizo, watoto wa shule wakimcheka kupitia ule uzio wetu uliokwisha. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kuketi mwishoni mwa mstari.

Nisije nikaonekana nasimulia habari za malaika. Alikuwa mchoyo wa chumvi kiasi cha kuificha kwenye paa. Alikuwa na ulimi mkali kwa manesi wa zahanati, ingawa alipougua malaria alikwenda kupanga foleni kama wengine na kuwaita binti zangu. Mwinjilisti alipomwambia kwamba msafara unafanana na ngoma za mapepo, alimjibu kwamba yeye alibatizwa kabla mwinjilisti hajaota ndevu, kisha akamtaka alale mkekani amwangalie kiuno. Mwinjilisti alikataa. Mwezi uliofuata alikuja, kwa mlango wa uani.

Kuhusu kijiji chenyewe hakuwa na msimamo mmoja. Watu walioikasirikia serikali walikuja kwake wakitarajia mwenzao, naye aliwaambia bomba la maji limekiokoa kichwa chake na shule imewaokoa watoto wa Usoke. Walioisifu walikuja wakitarajia mwenzao pia, naye aliwauliza kama wangependa kuisifu wakiwa juu ya lori. Katibu kata alipomwomba awaonyeshe wageni wa wilaya msafara wa akina mama kama mfano wa ushirikiano wa kijamaa, alikubali, akapanga mstari, akamketisha katibu kata katikati. Wageni walipiga makofi. Katibu alitoka pale na shati lililoloa mafuta, na kwa muda mrefu baada ya hapo alipita mbali na nyumba yake.

Na jambo la mwisho katika mambo yake yasiyopatana: yeye mwenyewe hakukandwa. Niliwahi kumwambia, “Mama, kaa kwenye msafara leo, mimi nitapita pembeni.”

“Wewe ufundishe hesabu.”

“Nimesikia mgongo wako ukilia ukiinama bombani.”

“Unalia kwa lugha yako?” alisema, akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa nifike kwa Kamanda.

Ndivyo alivyoitwa kiongozi wa mgambo wa kijiji, mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti nzuri kanisani. Ndiye aliyekuwa msimamizi kwenye lile lori la kwanza. Nilipofika kijijini mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika kwenye sahani. Muda mrefu hakuja kwa Mkandaji. Alimtuma mke wake aombe mafuta. Mkandaji alimrudishia mke kopo tupu na kumwambia mafuta hayatembei peke yake.

Siku aliyokuja, msafara ulikuwa umeketi. Nilikuwa kwenye mstari, nyuma ya Mama Kulwa, jirani yetu wa ng’ambo ya barabara, mwanamke wa maneno mengi ambaye naye alihamishwa kwa lori la kwanza. Nilihisi mgongo wake ukikakamaa chini ya vidole vyangu kabla sijamwona mtu aliyesimama pale uani.

“Shikamoo, mama,” alisema Kamanda.

“Marahaba. Umekuja na mgongo, au umekuja na yunifomu?”

Alikuwa na shati la kawaida. Alijitazama, kama anayehakikisha. “Mgongo, mama.”

“Basi subiri hawa wamalize.”

Hawakumaliza. Walisimama mmoja mmoja, wakajifunga kanga zao, wakachukua majembe. Mama Kulwa alitangulia. Akiwa njiani aligeuka, akapaza sauti: “Endelea kumkanda huyo! Kesho utamkanda na fisi!”

Halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Kila mtu uani pale alisimama kama michi ilivyosimama lori linapopita. Mimi nilidhani ni aibu ya kumtukana mtu mzima hadharani. Mkandaji alikuwa ameinama juu ya kopo la mafuta, hakuinua kichwa.

Nilibaki, kwa sababu aliniomba nibaki. Hakumkanda mwanamume bila mtu wa tatu. Kamanda alilala. Mkandaji alisema hodi. Moto ulihitaji kuni, nikauongeza. Mwishowe, kutoka kwenye mkeka, uso wake ukiwa umefunikwa na mikono, Kamanda alisema karibu.

Alirudi tena na tena. Baada ya muda sikuhitajika tena kuwa mtu wa tatu, maana mke wake alikuja naye. Wanawake wa msafara walinuna, kisha wakazoea, isipokuwa wachache. Na kijiji kizima kilielewa, au kilidhani kinaelewa, alichokuwa akikifanya: anamkanda mtu mpaka mtu aseme. Nilimuuliza waziwazi.

“Umeshamuuliza alipomzika?”

“Mkekani siulizi.”

“Sasa atasemaje?”

“Nimemwomba aseme mkutanoni. Mbele ya watu. Amekubali.”

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Mkandaji alioga mapema, akavaa doti ambayo sijawahi kuiona, akaketi mbele kabisa, yeye ambaye siku zote aliketi karibu na lango ili awahi mbuzi wake. Walizungumza kuni za mabani. Wakazungumza utoro wa watoto shuleni, nami nikasimama nikasema yangu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo.

Kamanda alisimama. Mkono ulikuwa ukimtetemeka, akaushika na mwingine.

“Ndugu wananchi,” alisema. Akanyamaza. Sijawahi kuona kusanyiko la watu wazima likitazama ardhi kwa pamoja namna ile. Mama Kulwa alikuwa akichora chini kwa kijiti. Wazee wa upande wa mabani walikuwa wameinamisha vichwa kama watu kanisani. “Ndugu wananchi, ninalo jambo.” Akatazama ghala la kijiji. “Jambo lenyewe ni kuhusu mbolea.”

Akazungumza juu ya mbolea. Kwamba imewekwa sakafuni na sakafu inatoa unyevu. Kwamba itafutwe mbao za kuinulia magunia. Alizungumza kwa muda mrefu na kwa ufasaha, na alipomaliza watu walipiga makofi, makofi mengi, ya watu waliopumua. Mkandaji aliinuka, akakung’uta mavumbi kwenye ile doti, akaenda nyumbani.

Alasiri ya Jumatatu mkeka ulitandikwa kama kawaida. Kamanda alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Nilikuwa upande wangu wa uzio, nikasikia hodi, nikasikia karibu. Alipoondoka nilivuka.

“Mama, unamkandaje mtu yule?”

“Mgonjwa nimfanyeje, nimle?”

“Alikuahidi.”

“Aliahidi. Akaogopa. Mtu akiogopa anakakamaa hapa.” Alinigusa chini ya shingo, kwanza akiwa ameshabisha hodi kwa macho. “Nitaendelea. Pale palipofungwa patafunguka.”

Aliendelea mpaka vidole vyake vilipoanza kujikunja. Mimi nilihamishiwa shule nyingine, na baadaye nikasikia kwamba mpwa wake amemchukua akakae naye mjini Tabora.

Nilimwona kwa mara ya mwisho huko, Mtendeni, miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda mjini kwa mkutano wa walimu. Mpwa alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya ghala la mfanyabiashara Mwarabu, na uani kulikuwa na harufu ya karafuu na magunia. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kivulini. Mikono ilikuwa mapajani, vidole vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika mpini. Nilikuwa na chupa ya asali na habari niliyodhani atataka kuijua.

“Mwangaluka, mayo,” nilimwamkia mama yangu kwa Kinyamwezi.

“Mwangaluka, mwalimu. Umenenepa. Mume anakulisha au unajilisha?”

Tulizungumza hayo ya kunenepa, na ya mbuzi, na ya shule. Kisha nikamwambia kwamba Kamanda amefariki, kwamba nilipita Usoke siku za msiba, na kijiji chote kilikwenda kuzika.

“Nimesikia. Mkono wake ulikuwaje?”

“Ulikuwa mzima, mama. Walisema alikuwa akishika kikombe kwa mkono mmoja.”

Akatikisa kichwa polepole. Nikamuuliza lile nililokuwa nimekuja nalo. “Kwa hiyo amekufa bila kukwambia.”

“Aliniambia mapema sana. Mwaka ule ule aliokuja, mvua hazijakwisha.”

Alisimulia akitazama ukuta wa ghala, bila kupandisha sauti. Lori lilikwama mbugani. Watu wote waliambiwa washuke wasukume, wanaume na wanawake. Mume wake hakuweza kusimama, wakamlaza juu ya kichuguu, mahali pakavu, wakamfunika blanketi. Wakasukuma. Lori liliponasuka, dereva aliogopa kusimama kwenye tope, akaenda nalo taratibu, na watu wakalikimbilia, wakadandia mmoja mmoja, gizagiza na mvua. Kila mmoja alidhani mwenzake amempandisha mgonjwa. Walikuja kutambua kijijini, wakishuka. Kamanda akasema watamfuata asubuhi. Asubuhi alikwenda na wanaume wawili. Walikuta blanketi, na si zima, na nyayo za fisi pembeni.

“Hilo blanketi ndilo walilozika,” alisema. “Wakakubaliana waseme alifia njiani. Hakufia njiani, mwalimu. Waliposhika njia alikuwa hai. Kuna aliyemsikia akiita.”

“Nani?”

“Mgongo wake naujua.”

Nilikumbuka ule mgongo uliokakamaa chini ya vidole vyangu. Niliwaona wote, mstari mzima, miguu imetanuliwa. Wote walikuwa watu wa upande ule. Wote walishuka wakasukuma.

“Ulijua,” nilisema. “Ulijua kila mtu uliyemkanda alikuwemo, na hukusema.”

“Mimi niseme nini? Sikuwemo. Ningewaambia najua, wangekana, na mtu akishakana jambo lake anafunga mpaka kaburini. Nikasema niwafungue kwanza. Migongo ilegee, usingizi uje, woga utoke. Mtu asiye na woga atasimama aseme, mama, tulimsahau. Nilitaka neno hilo tu. Tulimsahau. Nikawafungua. Woga ukatoka. Usingizi ukaja. Na walipoweza kulala, mwalimu, hakuna aliyekuwa na haja ya kusema tena. Walipona mikononi mwangu, wakanyamaza vizuri zaidi.”

Mpwa wake alichungulia mlangoni akauliza kama mgeni atakula wali au ugali. Nilisema chochote kilichopo. Nilitaka kumwambia Mkandaji kwamba haikuwa kazi bure, kwamba nimewaona watu wale wakicheka, wakicheza na wajukuu. Lakini hayo alikuwa akiyajua kuliko mimi, na ndiyo yaliyokuwa yakimuuma.

“Mama Kulwa hajambo?” aliuliza.

“Hajambo, mama. Nilimkuta msibani.”

“Analala?”

“Alisema analala.”

“Usiku wote?”

“Usiku wote.”

“Vizuri,” alisema, akageuza uso ukutani.